Abiria Asiyefunga Mkanda

Mchana wa Ijumaa, Zibuyile Mbatha alikuwa akipima chakula cha kuku kwenye duka la pembejeo anakofanya kazi, mtu wa posta alipomwekea bahasha ya kahawia juu ya mizani. Alingoja mteja aondoke, akaifungua kwa kisu cha magunia. Ndani mlikuwa na faini mbili na picha moja. Faini ya kwanza ilikuwa ya mwendokasi kwenye mteremko wa Dlabe, kabla ya daraja. Ya pili ilikuwa ya kubeba abiria asiyefunga mkanda. Picha ilimwonyesha yeye ameshika usukani kwa mikono miwili, na kwenye kiti cha mbele, kando yake, marehemu baba yake Mphikeleli, kofia mapajani, akitazama ng'ombe wa watu nje ya dirisha.

Zibuyile aliona kwamba baba yake alikuwa amenenepa kidogo, na jambo hilo lilimfurahisha. Kisha akatazama kiti cha nyuma, furaha ikamwishia hapohapo. Baba yake mdogo, Mfanafuthi, alikuwa amekaa pale na tawi la mkunazi mkono mmoja na simu mkono wa pili, mdomo wazi.

Mphikeleli aligongwa na lori juu ya kilima cha Dlabe, penye kona, pale wanafunzi wanapovuka kwenda shuleni. Mtu akifa barabarani, roho yake hubaki palepale alipoangukia mpaka watu wa kwao waende kumchukua kwa tawi la mkunazi. Mbeba tawi haruhusiwi kusema na mtu mwingine yeyote. Husema na marehemu tu, akimweleza safari ilivyo: sasa tunaingia garini, sasa tunavuka mto, sasa hili lango ni la kwako. Akigeukia mtu mwingine, marehemu huona ameachwa peke yake, naye hushuka.

Siku walipokwenda kumchukua, jua lilikuwa limekaribia kuzama, na Zibuyile alikanyaga mafuta ili wafike kukiwa na mwanga. Walipofika, mama yake, MaKhanyile, alilipokea tawi langoni, akalipima mkononi kama apimavyo kuku wa kununua, akasema limekuja peke yake. Mfanafuthi alikasirika. Aliapa mbele ya watu kwamba hakufunga mdomo njia nzima. Hilo, picha sasa ilithibitisha, lilikuwa kweli.

Tangu siku hiyo MaKhanyile alikataa kuvua nguo nyeusi za ujane. Muda wake ulikuwa umepita, mbuzi wa kumtolea weusi alikuwa amekwisha kununuliwa na sasa alikuwa akila mchicha wa jirani, lakini alisema hawezi kumaliza kumlilia mtu ambaye bado yuko njiani. Kanisani aliketi nyuma kabisa. Harusini hakwenda. Watu walipita mbali naye kwenye njia za shambani, kama desturi inavyotaka, na Zibuyile, ambaye alikumbuka mama aliyekuwa akicheka mpaka anashika ukuta, alikuwa akiumia kila akimwona ameketi mlangoni peke yake.

Jioni ile MaKhanyile alikuwa akipukuchua maharage. Aliishika picha kwa ncha za vidole, akaitazama bila haraka.

"Hajafunga mkanda," alisema.

Kisha akatuma Mfanafuthi aitwe, akamwita kwa jina la sifa la ukoo wao, kwa upole uliomfanya Mfanafuthi avue kofia.

"Shandu. Hapa ulikuwa unaongea na nani?"

Mfanafuthi aliisogeza picha karibu, akaisogeza mbali. "Na yule mtu wa Durban. Wa lile dume."

"Kaka yako amekaa mbele yako, umekwenda kumchukua, wewe unauza ng'ombe."

"Sikuuza, MaKhanyile. Bei haikuelewana."

MaKhanyile alirudi kwenye maharage yake. Alipoyamaliza, akatenga chungu motoni.

Haikuchukua muda kujulikana kwamba si wao peke yao. Mama Ndlela, anayezungusha vifaranga kwa gari la mizigo, alikuja na picha yake. Mphikeleli alikuwa ameketi kando yake na boksi la vifaranga mapajani. Mwalimu wa kwaya alikuwa naye pia, na vilevile kijana wa kuuza mitungi ya gesi. Ilieleweka basi: mzee alikuwa pale chini kwenye kamera, na kila gari lililomulikwa likielekea upande wa nyumbani alilidandia. Lakini darajani hakukuwa na mtu wa kumwambia kwamba sasa wanavuka mto, kwa hiyo alishuka, akarudi kwa miguu.

"Kunibebea vifaranga nashukuru, hata kimoja hakikufa," alisema Mama Ndlela, akipokea kikombe cha chai. "Ila mwambie mumeo afunge mkanda. Kila akipanda, mimi ndiye nalipa."

"Nimemwambia tangu aliponioa. Anasema unamkaba."

"Sasa hivi mkanda umkabe nini, na hapumui?"

MaKhanyile alikubali kwamba hoja hiyo ilikuwa na uzito.

Jumamosi Zibuyile aliteremka hadi kwenye kamera. Askari wa barabarani, Bwana Sibisi, alikuwa ameketi kwenye kreti la soda chini ya mwavuli, mashine yake imesimama kwa miguu mitatu nyuma ya kichaka. Alisema anamjua Mphikeleli vizuri. Alasiri huja kuketi kwenye ukingo wa chuma wa barabara, wakinywa chai, ingawa yake hubaki vilevile kikombeni. Si msemaji. Analalamikia jambo moja tu.

"Anasema kamera ingekuwa kule juu kwenye kona, yeye asingekuwa huku chini na mimi."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi nilishawaambia wakubwa, dada. Huku gari linateremka, linashika mwendo lenyewe hata dereva hajui. Kule juu kuna kona na watoto. Wakubwa wanasema mteremko ndio unaolipa."

Zibuyile alimweleza kwamba watakuja kumchukua tena, na safari hii watakwenda kwa utaratibu. Alimwomba awapige picha wakipita, ili mama yake aone kwa macho kwamba mzee yumo garini. Sibisi alitikisa kichwa, na ilionekana wazi kwamba alisikitika.

"Mashine hii haimwoni anayekwenda polepole. Kukimbia mkimbie tu, nitawapiga picha nzuri. Na faini nitaandika."

Nyumbani Mfanafuthi alisema kubeba tawi ni kazi ya mwanaume. MaKhanyile alijibu kwamba kazi ya mwanaume wameiona kwenye picha. Kwa hiyo Jumamosi iliyofuata tawi akapewa Zibuyile, usukani akapewa Mfanafuthi, na simu ya Mfanafuthi ikawekwa kwenye pipa la unga, mfuniko juu, MaKhanyile akaketi juu ya mfuniko. Kabla hawajaondoka alimshika binti yake mkono. Zibuyile aliogopa, maana alijua kwamba safari hii tawi likirudi peke yake, mama yake angezeeka ndani ya nguo zile nyeusi.

Walipopita chini, Sibisi alisimama, akavua kofia, akawaonyesha kilima kwa kidole. Mzee alikuwa ameshatangulia juu tangu asubuhi, amevaa koti.

Pale kwenye kona Zibuyile aliliburuta tawi juu ya lami, akamwita baba yake kwa majina yake yote, akamwambia kwamba wameanza upya na kwamba waliokosa wamekubali kosa. Wanafunzi wa masomo ya Jumamosi walikuwa wakivuka wakati huo, wameshikana mikono, wakikimbia. Lori lilipiga honi bila kupunguza. Zibuyile alimwambia baba yake hayo pia, kwa kuwa alitakiwa kumwambia kila kitu. Kisha akamfungulia mlango wa mbele, yeye akaketi nyuma.

"Baba, tumeingia garini. Anayeendesha ni mdogo wako. Simu yake iko kwenye unga."

Waliteremka. Kichaka cha Sibisi kilipoonekana, Mfanafuthi alimtazama Zibuyile kwenye kioo, mguu ukingoja juu ya mafuta. Swali lake lilieleweka. Kukanyaga kidogo tu, mwanga ungemulika, na wiki kadhaa baadaye MaKhanyile angekuwa na picha ya mumewe mkononi. Zibuyile aliitaka picha ile. Aliitaka kuliko kitu chochote alichowahi kutaka. Lakini baba yake aliuawa na mtu aliyekuwa na haraka, na yeye mwenyewe alikwisha kumkimbiza mara moja, akampoteza. Aliona aibu kumkimbiza tena. Na hakuwa na ruhusa ya kumjibu Mfanafuthi.

"Baba," alisema, "hapa ni kwenye kamera. Hatuhitaji picha. Mwambie mdogo wako aondoe mguu hapo."

Mfanafuthi aliondoa mguu. Gari lilipita mbele ya mashine kwa mwendo wa jogoo. Hakuna kilichomulika.

Darajani machozi yalimtoka Zibuyile, lakini hakuacha kusema. "Huu ni mto, Baba. Mwaka huu maji ni machache. Kuna mtu anafua mablanketi. Tunavuka. Usishuke, nakuomba. Hiyo ni nyumba ya Mama Ndlela, amepaka rangi mpya, mbaya. Hawa ni ng'ombe wako, wamekonda kidogo, utamuuliza Mfanafuthi. Na hili lango ni la kwako."

MaKhanyile alikuwa langoni, ameshatoka kwenye pipa. Hakulipokea tawi. Alikwenda moja kwa moja kwenye dirisha la mbele, akainama, akatazama kiti. Mkanda ulikuwa umefungwa, umekaza, na mbele ya kiti kilichokuwa kitupu ulikuwa umetuna pale kifua cha mtu kinapokuwa.

"Kumbe alikuwa anangoja kuendeshwa na mtu asiyekimbia," alisema. Kisha akacheka. Alicheka mpaka akashika paa la gari, na Mfanafuthi akageuka kando akajifuta macho kwa kofia.

Mbuzi alichinjwa Jumamosi iliyofuata. MaKhanyile aliogeshwa mtoni na wanawake wenzake, nguo nyeusi zikachomwa, akarudi amevaa gauni la maua ya njano ambalo Zibuyile alikuwa amelificha kabatini tangu wakati wa baridi.

Baadaye mama na binti walikwenda kwenye ofisi ya barabara na picha zote, kuomba kamera ihamishiwe juu kwenye kona. Ofisa alikuwa mtu wa adabu. Aliangalia kompyuta yake, akasema kwamba kule juu halijawahi kunaswa kosa hata moja la mwendokasi.

"Si kwa sababu hakuna kamera?" aliuliza MaKhanyile.

"Ndiyo, mama. Na pasipo na kosa, kamera ya nini?"

Kuhusu abiria marehemu, alisema sheria haiwatofautishi. Mama Ndlela akalipa.

Kamera ilibaki chini. Mphikeleli hakuonekana tena kwenye picha, lakini wengine wakaonekana, watu waliogongwa pale juu zamani, wasafiri ambao jamaa zao hawakuwahi kujua wamefia wapi. Mwalimu wa kwaya alipata mama mmoja mwenye mtoto mgongoni. Picha zilibandikwa kwenye ukuta wa duka la pembejeo, na watu wakaanza kuja kutoka mbali na matawi yao, wakaondoka na watu wao.

Na kwa kuwa hakuna dereva aliyejua leo amembeba nani, kila mmoja alijizoeza kufunga mkanda wa kiti kitupu na kumweleza aliyemo njia ilivyo. Kazi hiyo haifanyiki mbio. Mtu hawezi kueleza kona vizuri, nani anavuka na nani anangoja, akiwa ameshaipita. Hata madereva wa malori walianza, kwanza wakiona haya, midomo ikichezacheza nyuma ya kioo.

Jumatatu moja asubuhi Zibuyile alisimamisha gari pale juu. Mbele yake lilikuwa limesimama lori, na upande wa pili lilikuwa limesimama lingine. Alikigeukia kiti cha kushoto.

"Hapa watoto wanavuka," alisema. "Leo wanatembea."

Akangoja mpaka wa mwisho akavuka.