Kompyuta ya Ghala la Pamba

Fundi wa kompyuta alipoingia ofisi ya ghala la pamba, karani alikuwa ameshabonyeza kitufe na kuweka mikono mapajani. Kiduara cheupe kilizunguka kwenye kioo, kikazunguka, kikasimama. Marehemu akaingia, akatoa salamu, akakaa kwenye benchi la dirishani.

Fundi aliuliza huyo ni nani. Karani akamweleza kuwa ni mpakiaji aliyeangukiwa na marobota, na kwamba huja kila mashine ikigoma, ikiwaka huondoka. Akamtahadharisha pia asijikwae kwenye waya.

Nje, madereva wa malori walikuwa wameanza kupiga honi. Bila kompyuta ile hakuna kibali cha kutoka, na bila kibali lango halifunguliwi. Meneja, aliyesimama nyuma ya karani mikono kiunoni, alisema ugonjwa wenyewe ni wa kuja na kuondoka: leo inawaka vizuri, kesho inaganda. Yeye alimshuku karani, kwa sababu ni mkaidi.

Ukaidi wenyewe ulikuwa huu. Marehemu alipokufa kazini, meneja alimwagiza karani amfute kwenye kompyuta, ionekane alikuwa mpita njia tu aliyekutwa na robota. Karani alikataa. Meneja akamfuta mwenyewe, kwa vidole viwili na uso mkavu, maana kumfuta mtu hakuhitaji hata kusimama. Sasa mjane ametakiwa kuhama nyumba ya kampuni. Mpita njia hapewi nyumba.

"Hayo hayahusiani na kompyuta," meneja alisema.

Fundi alisema huenda ni kweli, ila yeye habahatishi. Huondoa kitu kimoja, huwasha, hutazama, hukirudisha, kisha huondoa kingine. Aliondoa printa, ikaganda. Alibadilisha diski, kadi ya kumbukumbu, hata waya wa umeme, na kiduara kikasimama palepale. Vifaa vilipokwisha akahamia kwa watu. Alimtoa karani, ikaganda. Alimwomba radhi marehemu, naye akatoka bila kinyongo, na bado ikaganda. Wote wawili wakarudi ndani. Akamgeukia meneja.

"Mimi?"

"Na wewe umo chumbani, bosi."

Meneja alipotoka, kompyuta iliwaka mara moja. Fundi hakushangilia, kwani mara moja si ushahidi. Alimrudisha ndani, ikajizima na kugoma kuwaka. Akamtoa tena, ikawaka. Akaanza kufunga vifaa vyake.

Koridoni meneja alimtaka awaambie wakubwa kwamba diski imekufa.

"Diski ni nzima," fundi alisema. "Tatizo ni wewe, na ukiniita kesho nitakwambia hilohilo."

Wakubwa walipoambiwa, waliona ni jambo dogo. Meza ya meneja ikahamishiwa koridoni, naye akawa anatoa amri kupitia dirisha la koridoni, shingo nje kama kuku wa kwenye tenga. Watu wakazoea. Malori yalitoka kwa wakati, ghala likasifiwa, na jina la marehemu halikurudishwa. Kilichowauma wakubwa kilikuwa honi, si jina.

Kisha vyombo vya mjane vikatolewa nje. Hakulia mbele ya waliovitoa. Alijitwika godoro, akawatanguliza watoto, akapita langoni, akapita meza ya koridoni bila salamu, akaingia ofisini na kutandika godoro kando ya kompyuta. Karani alisogeza kiti chake kumpisha.

Askari wa lango alitumwa akamtoe. Alichungulia, akamjulia hali mjane, akarudi langoni. Basi meneja akainuka mwenyewe. Alitia mguu mmoja ndani. Kioo kikazimika, kiduara kikatokea na kusimama, honi zikaanza. Marehemu akaingia, akakaa kwenye benchi.

"Mama, mumeo hakuwahi kufanya kazi hapa," meneja alisema kutoka mlangoni.

"Kama hakuwa mfanyakazi wako, basi mimi si mtu wa kuamriwa na wewe," mjane alisema. "Siondoki. Ingia unitoe."

Honi zilizidi. Meneja akautazama mguu wake, akaurudisha koridoni. Kompyuta ikawaka, na karani akaanza kuchapa vibali. Marehemu hakuondoka. Alisogea mwisho wa benchi, mkewe apate mahali pa kukaa.