Viatu Namba Nane

Usingizi unanikuta juu ya gunia la unga, saa nane mchana, viatu vipya miguuni, na nimekatazwa kusimama. Viatu vyenyewe vimetoka kwenye tanuri. Najua inavyosikika, kwa hiyo nieleze. Hivi ni viatu vya hoki ya barafu, vyenye chuma chini, na vikiwa vipya ni vigumu kama mbao. Ili vishike umbo la mguu wako unavipasha moto kidogo, unavivaa, unavikaza kamba mpaka juu, kisha unakaa kitako robo saa bila kukanyaga, mpaka vipoe. Wenzetu wa nchi za baridi wana mashine ya kazi hiyo. Mimi nina tanuri la mikate, maana ndiyo kazi yangu, kukanda na kuoka tangu saa kumi alfajiri, na mikate ya leo imeshatoka, tanuri limebaki na uvuguvugu tu, stoo imetulia. Vidole vinaniuma. Visigino vinaniuma. Mgongo nao unauma, lakini huo ni wa siku zote. Nina miaka thelathini na sita, Jumamosi tuna mechi, na nimechoka hadi kuchoka kwenyewe kunanichosha.

Nyuma ya gunia hili nimeficha viatu vyangu vya zamani. Ni namba nane, vya msaada, vilikuja ndani ya sanduku vikiwa vimeshavaliwa na mtu nisiyemjua. Mguu wangu ni namba sita. Kwa miaka saba nimevijaza magazeti mbele, vifundo vya miguu vikajifunza kupinda, na nikavipenda kwa sababu havinibani popote. Timu yetu ina sheria moja ambayo hakuna aliyewahi kuiandika: ukipata vipya, vya zamani vinakwenda kwa anayefuata. Anayefuata ni Chelagat, beki wetu mwenye mguu namba nane kamili, ambaye msimu mzima amekaa benchi na soksi akingoja nitoke, nivue, avae vikiwa na jasho langu, acheze dakika zilizobaki. Juzi nahodha wetu, Odera, alinipangia jozi tatu mpya nichague. Nikachagua namba saba, nikamwambia naacha nafasi. Nafasi ya nini, Kerubo, akaniuliza, kwani miguu yako bado inakua? Wacha hizo. Akanivalisha sita. Kidole gumba kiguse mbele, akasema, na ukikunja goti kirudi nyuma kidogo, hapo ndipo. Vitakuuma wiki mbili, halafu utasahau kama umevaa. Kisha akauliza vile vya zamani viko wapi. Nikamwambia chuma kilipasuka, nimevitupa. Uongo ule ulitoka laini, kana kwamba ulikuwa mdomoni siku nyingi ukisubiri kuitwa. Chelagat alikuwa amesimama pale pale. Akasema, pole, dada.

Nafumba macho kidogo tu, nihesabu hiyo robo saa, na mlango wa tanuri unafunguka wenyewe. Nasimama ingawa nimekatazwa, nainama, naingia, na ndani hakuna moto wala mkate, kuna barabara. Ni barabara ya barafu chini ya jua la saa sita, mabati ya nyumba yanawaka pande zote mbili na barafu haiyeyuki. Mimi sisukumi mguu, barabara ndiyo inayokwenda, inapinda kushoto, inanirudisha nilipotoka, inapinda tena, na kila mara napita kibanda kile kile cha viatu vya mtumba, na kila mara viatu vyote vilivyoning'inia ni namba nane. Mbele yangu anateleza mtu mwenye aproni ya mwokaji. Anageuka. Hana uso, pana donge laini tu, kama unga uliokandwa ukasahauliwa mezani. Ningeogopa, lakini sina nguvu hizo leo. Namuuliza, barabara hii inafika wapi? Inafika ulipovulia viatu, anasema. Namuuliza, nilivulia wapi? Anasema, kitendawili. Nami, kwa mazoea ya utotoni tu, namjibu, tega. Nina nyumba mbili, anasema, moja yanibana nayo ni yangu, moja ina nafasi tele nayo si yangu, nilale wapi?

Jibu nalijua. Nalijua kabla hajamaliza, mtoto wa darasa la pili angelijua, lakini nikilisema najua nitaagizwa nini baada yake, na visigino vinawaka, na nyuma ya gunia kuna viatu laini vinavyoningoja. Nasema, sijui. Basi nipe mji, anasema, maana ndivyo anavyolipa aliyeshindwa kitendawili. Nampa Naivasha, ambako sina mtu. Papo hapo tunapita Naivasha, na kila nyumba imesimama juu ya nyumba nyingine iliyopinduka ndani ya barafu, na watu wanatembea nyayo kwa nyayo na watu wa chini yao, kisha yule mtu anakunja vidole na mji hauonekani tena. Anarudia, nilale wapi? Sijui. Nipe mji. Na mimi, kwa uvivu, kwa uchovu, sijui kwa nini, natamka Nyamira. Aibu inanishika kabla sijafunga mdomo, kwa sababu Nyamira ndiko kwetu, ndiko tulikomzika mama. Naye yupo, chini ya barafu, ameketi kizingitini na viatu vyangu vya shule mapajani, vikubwa, vyeusi, anavijaza gazeti mbele kama alivyofanya kila Januari. Utakua tu, Kerubo, ananiambia, vitakutosha. Namwambia, mama, nina miaka thelathini na sita. Basi mbona bado umeshika gazeti? anauliza. Naangalia mikono yangu, imejaa magazeti, na ninapoinua kichwa nimwombe msamaha, Nyamira haipo na mama hayupo, na barabara inaendelea kunipeleka bila kunipa hata nafasi ya kulia.

Inanipeleka hadi uwanjani kwetu, Nairobi, kile kiukumbi kidogo chenye barafu, lakini kuta zake zimekuwa vioo, na kwenye benchi ameketi Chelagat, na ndani ya kioo Chelagat mwingine, na nyuma yake mwingine, safu isiyo na mwisho ya Chelagat, wote na soksi, miguu mikubwa imepangwa sawasawa sakafuni. Kofia ameshavaa. Glavu ameshavaa. Gongo amelishika. Mechi inachezwa nyuma yangu, nasikia vyuma vikikwaruza barafu. Dada, ananiuliza, chuma kingine kilipatikana? Namwambia, bado. Anasema, haidhuru. Yule asiye na uso ananisogelea, na sasa sauti yake nayo imechoka, imekuwa kama yangu. Umebakiwa na mji mmoja, anasema, nao ni huu. Nilale wapi? Na najua nikisema sijui atauchukua, ukumbi na barafu na benchi na kila aliyeketi hapo, na mimi nitarudi kwenye gunia langu na viatu vyangu vya kupwaya, na hakuna atakayeniuliza chochote tena. Nakiri, napatamani pale. Mdomo unafunguka kusema sijui. Ndipo Chelagat anasema, na wote kwenye vioo wanasema naye, mpe tu, dada, kama umechoka, mimi nimezoea kungoja.

Hilo ndilo linaloniuma kuliko visigino. Angenitukana ningevumilia. Namgeukia yule mtu nakaribia kumpigia kelele, unalala kwako! Unalala kwako hata kama panabana! Na ile nyumba nyingine? anauliza. Mpe mwenyewe, nasema, ina mwenyewe tangu zamani. Anatikisa lile donge la kichwa. Jibu ulikuwa nalo Naivasha, anasema, miji yote hii umenipa bure. Ninamwambia anirudishie Nyamira. Anasema, shuka ukaitafute, na barafu inakatika chini ya chuma changu.

Niko juu ya gunia. Stoo ina giza, umeme umekatika, na kwa muda sijui kichwa kiko upande gani. Kuna harufu ya mkate. Mlangoni amesimama mtu, mwanga wa nje uko nyuma yake, namwona umbo tu. Hodi, anasema. Ni sauti ya Chelagat. Anasema Odera amemwambia viatu vipya vitanichubua kisigino, kwa hiyo ameniletea plasta za malengelenge, ameona apitie hapa kabla hajapanda gari kwenda kwao. Ananyoosha mkono na kikaratasi cha duka la dawa. Namkazia macho nione uso wake, lakini mwanga ni mkali na pale penye uso pana weusi mtupu. Napeleka mkono nyuma ya gunia. Viatu vipo. Vina baridi, na chuma chake kina majimaji, na ninapoingiza vidole mbele hakuna gazeti. Jana lilikuwemo, nililisokomeza mwenyewe.

Naviweka mbele yake sakafuni. Nasema, chuma hakikupasuka, Chelagat. Nilidanganya. Nilizitaka jozi zote mbili. Nasema kama mtoto aliyekamatwa akiiba sukari. Chelagat anaketi kizingitini, anavua raba, anaingiza mguu wa kulia, kisha wa kushoto, anavuta kamba tundu kwa tundu, na mguu umejaa kiatu mpaka mbele bila kubakiza nafasi. Nilijua, dada, anasema hatimaye. Si nilivaa baada yako msimu mzima? Chuma hakikuwa hata na kutu. Nilikuwa nangoja uchoke. Namuuliza, nichoke kucheza? Anasema, uchoke kuvificha.

Nasimama. Robo saa lazima imeshapita, viatu vimepoa. Napiga hatua moja, mbili, kwenye sakafu yenye unga, na nasubiri vidole viume, nasubiri visigino viume. Haviumi. Odera alisema wiki mbili. Na bado sijauona uso wa huyu msichana, na kama hii nayo ni ndoto, basi vile viatu bado viko nyuma ya gunia na nikiamka itabidi nikiri upya. Nimechoka, Mungu anajua. Lakini nitakiri upya.