Mgeni wa Dakika Kumi na Moja

Kila Jumatatu asubuhi gari la mizigo huleta masanduku ya filamu za zamani kwenye ghala moja la Eagan, Amerika, karibu na Saint Paul, na kufikia saa tatu Philister huwa amevaa glavu na kufungua mkebe wa kwanza. Ni mikanda iliyopigwa baada ya Vita vya Pili vya Dunia: gwaride, kampeni za uchaguzi, wanajeshi wakishuka melini, akina mama wakionyeshwa friji mpya. Mingi inanuka siki, kwa sababu filamu ikianza kuoza hunuka hivyo. Kazi yake ni kuipanguza, kuipitisha kwenye mashine inayoinakili hadi kwenye kompyuta, na kuandika maelezo mafupi. Ameifanya miaka minne. Kabla ya hapo alikuwa akitunza wazee katika mji jirani wa Maplewood, na hadi leo akimwona mtu kwenye skrini ameshika nyonga hujiuliza kama amemeza dawa.

Jumatatu ya pili ya Machi alifungua mkanda wa dakika kumi na moja, uliotengenezwa Saint Paul Januari 1961 ili uonyeshwe Afrika. Familia moja ya Kizungu inampokea mwanafunzi kutoka Kenya. Anashuka basi kwenye theluji. Anavishwa koti. Anakaa mezani, anapakuliwa kuku. Anaonyeshwa chumba chenye kitanda kilichotandikwa shuka la mistari. Sauti ya mtangazaji inasema, "Bwana Wanjala amepata nyumbani kwake kwa pili."

Philister alisimamisha mashine. Wanjala lilikuwa jina la babu yake, na uso ule aliujua kutoka kwenye picha iliyotundikwa sebuleni kwa nyanya yake, kule Kimilili, Kenya. Babu aliondoka kwenda kusoma Amerika akimwacha mke wa miaka ishirini na mtoto wa miezi mitatu, ambaye baadaye akawa baba yake Philister. Aliandika barua hadi Krismasi. Kisha ofisi iliyowashughulikia wanafunzi ikaandika kwamba amehama bila kuacha anwani. Watu wa Kimilili wakaamua kwamba ameoa Mzungu. Nyanya Nasimiyu hakuolewa tena, na jina la mumewe hakulitaja tena.

Saa sita mchana, Philister alipokuwa akipasha moto ugali na sukuma wiki kwenye chumba cha mapumziko, kijana wa kwenye mkanda aliingia na koti lake, akakung'uta theluji viatuni. Mwili wake wote ulikuwa wa kijivu, kama filamu ilivyokuwa. Alisema "Mulembe," salamu ya kwao, akauliza kama hiyo harufu ni ya ugali.

Vestine, mama aliyetoka Bukavu anayefanya kazi kwenye mashine ya pili, alimvutia kiti.

"Usimuulize maulizo mingi," akamwambia Philister. "Umupe kwanza chakula. Ule wa mukanda yangu ya mwezi uliopita, askari wa vita ya Korea, alitaka tu kujua kama vita ilimalizika. Nikamujibu ndiyo, akarudia mu mukanda yake."

Wanjala alikula kwa mkono, taratibu, na rangi ikaanza kumrudia kuanzia vidoleni. Aliposhiba alieleza. Koti lilikuwa la wapiga picha. Kuku alikuwa wa kweli, na mama wa nyumba ile alikuwa mpole. Kwenye kitanda aliketi mara nne, hadi taa zikakaa sawa. Kisha wapiga picha wakafungasha vyombo vyao, na baba wa nyumba akamsindikiza hadi kituo cha basi, akimweleza kwamba binafsi hana neno naye, ila majirani. Wiki ile alibisha milango kumi na miwili iliyokuwa na tangazo la chumba cha kupanga. Baada ya hapo alikuwa akilala kwenye benchi la stesheni ya treni. Zaidi ya hapo hakukumbuka vizuri.

Philister hakumwambia kwamba ni mjukuu wake hadi siku ya pili. Alikuwa amemzidi umri kwa miaka kumi na minne, na hakujua aanzie wapi. Wanjala alimtazama, akasema kumbe ndiyo sababu anasimama kama mama aliyemzaa yeye. Akauliza habari za ng'ombe mweupe, na kama ile baiskeli ya shemeji yake ilishapata tairi.

Jioni hiyo Philister alipitia daftari la makaburi la mji wa Saint Paul. Alilipata jina, limekosewa herufi moja: mwanamume, Mwafrika, nimonia, tarehe sita Februari 1961. Kaburi halikuwa na jiwe. Jumatano alimsomea. Wanjala alimaliza kutafuna, akauliza ni nani waliomzika. Akaambiwa ni serikali ya mji. Akasema mji umefanya vizuri.

Alhamisi walimpigia Nyanya simu.

"Ni nani?" Nyanya akauliza.

"Ni mimi."

Philister akaangalia kama mtandao umekatika.

"Ulioa?"

"Sikuoa. Nilikufa."

"Lini?"

"Februari ile ile."

"Basi nimekukasirikia bure," Nyanya akasema. "Miaka yote hii, bure kabisa."

Philister na Vestine walitoka, wakafunga mlango. Kupitia ukutani walimsikia Wanjala akicheka, kisha akiimba kwa sauti ya chini wimbo wa mavuno, akikosea maneno na kusahihishwa na Nyanya. Ilipita saa nzima.

Ijumaa meneja, Ken, alikuja na kompyuta yake. Kwenye dakika ya tano kulikuwa na kiti kitupu mezani, na mteja, mwenye filamu hizo, asingepokea mkanda wenye kasoro. Wanjala akamwambia asiwe na wasiwasi, yeye atarudi kukaa. Ombi lake lilikuwa moja, yale maneno ya mtangazaji yarekebishwe. Hakutaka mengi. Iandikwe tu kwamba hakulala pale.

Ken, ambaye si mtu mbaya, alimwandikia mteja palepale. Jibu lilikuja kabla ya chai: sauti ya asili haiguswi. Philister akaandika sentensi mbili kwenye nafasi ya maelezo, zenye tarehe ya kifo na namba ya kaburi. Watu wa mteja wakazifuta, wakisema hazina uthibitisho. Wanjala aliposikia alitikisa kichwa kidogo, akaosha sahani yake, akamshika Philister mkono kwa muda mrefu, kisha akafunga vifungo vya koti, na rangi ikamtoka. Mashine ilipozungushwa tena alikuwa mezani, akipakuliwa kuku.

Kimilili, Nyanya alinyoa nywele na kukaa matanga. Watu walikuja wengi, hata waliokuwa wakimsema, na hakuna aliyeuliza kwa nini amechelewa.

Mwezi wa Aprili filamu iliwekwa mtandaoni, safi, bila mkwaruzo hata mmoja. Mzee mmoja wa Minneapolis aliandika chini yake kwamba anazikumbuka sana siku zile, watu walivyokuwa wakiwafungulia wageni milango. Watu elfu mbili wamekubaliana naye.