Mandazi Nyuma ya Seva

Mama Mbambu, mfagiaji wa kliniki, alipenda kusema kwamba katika mtaa mzima wa Kansanga hapakuwa na mtu aliyeijua seva ya kliniki kama yeye. Halafu, kabla hujapata nafasi ya kucheka, anaongeza mwenyewe kwamba alichokijua ni mgongo wake tu, maana ndiko kulikotoka hewa ya moto ya kuumulia unga wa mandazi.

Sasa seva ilikuwa taabani. Tangu asubuhi ya Jumatano hiyo inawaka, inazimika, inawaka tena, kama mtu anayepigana na usingizi kanisani. Mafaili ya wagonjwa elfu tatu yalikuwa ndani yake, na nesi Amony alikuwa akiandika majina nyuma ya kurasa za kalenda. Mwenye kliniki, Afande Opoka, mwanajeshi mstaafu ambaye hata chai huiagiza kama anayepanga gwaride, alitangaza kwamba aliyeigusa mashine ile ataondoka na ndoo yake leo leo. Hakumtaja mtu. Lakini katika kliniki ile mwenye ndoo alikuwa mmoja tu.

Na jana yake beseni lake la unga lilikuwa limekaa nyuma ya mashine saa tatu nzima.

Mama Mbambu akachukua ufagio, akaenda kufagia chumba cha seva, ambacho alikuwa ameshakifagia mara mbili. Fundi Bisimwa, kijana wa Bukavu, alikuwa amekaa juu ya kreti ya soda, kompyuta yake magotini, waya umeingia kwenye seva. Skrini nyeusi, herufi nyeupe, picha hata moja hakuna. Akamweleza mama kwamba anampima mgonjwa: anaandika amri, mashine inajibu, kiungo kimoja baada ya kingine. Mama akauliza kama husema pia nani aliyeiumiza. Mara nyingine husema, akajibu Bisimwa. Ufagio ukasimama.

Bisimwa alianza na diski. Zote mbili nzima, mafaili yapo. Mama akamshukuru Mungu, lakini nusu nusu.

"Joto la nyuma lilipanda jana," Bisimwa akasema, "kuanzia saa nne mpaka saa saba. Kama vile kuna kitu kilichoziba hewa."

"Jua la Kampala siku hizi kali, mwanangu."

"Chumba hakina dirisha, mama."

"Ndiyo maana nasema kali."

Bisimwa akacheka, akasema halikufika pa kudhuru. Feni ziliongeza mbio, basi.

Ikabaki kumbukumbu, zile kadi zinazoshika kazi ya mashine inapowaka, na kipimo chake kilikula karibu saa nzima. Mama Mbambu alifagia saruji ile mpaka ukadhani anatafuta sindano. Mwishowe mistari ikaanza kumiminika: kadi ya nne mbovu, makosa tangu Jumapili.

"Tangu Jumapili?" mama akauliza. "Si jana?"

"Jumapili, mama. Jana haina kosa."

Mama akaigeuza ndoo, akakaa juu yake. Kazi yake ya miaka sita ilikuwa imepona. Ufagio akauegemeza ukutani. Bisimwa akaizima seva, akaichomoa kadi ile, akaiwasha tena. Ikawaka, ikatulia. Huko mapokezi nesi Amony akasikika akimwita mgonjwa kwa jina lake kamili, na la babake, na la kijiji chake, kwa furaha tu ya kuyaona yameandikwa.

Afande Opoka akaja, mikono nyuma. Akaelezwa kwamba kuna mtu aliyefungua mfuniko Jumapili akachomeka kadi ya mitumba, ndiyo hiyo mbovu.

"Nitamkamata," akasema. "Jumapili mimi nilikuwa Lubaga, kwenye misa, asubuhi mpaka saa saba. Wakaona nafasi."

Bisimwa akakohoa kidogo, akaisogeza skrini. Mashine huandika kila kitu, hata ikiwa imezimwa, akaeleza. Jumapili saa nne na dakika nane, mtu aliingia kwa jina na neno la siri, akaizima kwa utaratibu. Saa nne na dakika kumi na mbili, mfuniko ukafunguliwa. Jina lililoandikwa ni opoka.

Afande akainama, akalisoma jina lake herufi kwa herufi.

"Opoka ni wengi Uganda hii," akasema.

"Ni wengi, Afande," Mama Mbambu akajibu kutoka juu ya ndoo, kwa heshima zote. "Na wote umewapa neno lako la siri?"