Mabega ya Swabir

Asubuhi ile Mwanapili alikuwa barazani kwake, Mwabungo, akipasha sponji kwa pasi ya makaa. Sponji zenyewe ni zile za mikeka ya chekechea, ngumu, zenye meno ya kuungana pembeni. Mwanzo alijaribu ndara zilizookotwa ufuoni, lakini zilinuka chumvi hata baada ya kupakwa rangi. Sponji ya mkeka ukiipasha kidogo kidogo, bila kuigusa na pasi, inalegea. Ukiikunja gotini kwako ukangoja ipoe, inabaki vilevile ulivyoikunja. Kwa njia hiyo alikuwa ameshapata kifua, mgongo, mapaja na miguu. Kilichobaki kilikuwa mabega.

Kazi hiyo aliletewa na Rispah, msimamizi wa burudani katika hoteli moja ya Diani. Rispah alikuwa mtu wa bara, mwenye haraka, wala si mtu mbaya. Alisema wageni wamechoka na ngoma na sarakasi. Watoto wao wanamtaka yule askari wa kwenye filamu ya angani, yule wa rangi ya majivu asiyeonyesha uso. Mwanapili hakuwa ameiona filamu hiyo. Aliachiwa picha za mbele, za nyuma na za ubavu, na vipimo vyote vya ganda la yule askari, vilivyotolewa kwenye mtandao.

"Mama Subira, hii kitu lazima ikuwe vile iko kwa skrini," Rispah alimwambia. "Wageni wanajua. Mtoto anasimamisha filamu kwa tableti, anaiweka hivi, analinganisha. Ikikosea hata kidole, anaambia baba yake, na baba yake anaandika."

"Anaandika nini?"

"Maoni," akasema Rispah, kama mtu anayetaja ugonjwa wa ukoo wake.

Hoteli waliliita kostumu. Ustadhi wa madrasa alipopita akaliona limetundikwa kwenye msumari, alisema hilo kwa Kiswahili safi ni deraya. Mwanapili aliliita ganda, maana lilikuwa ganda. Kioo cha usoni kilitoka kwenye helmeti ya bodaboda iliyopata ajali njia ya Msambweni, na mikwaruzo yake aliiondoa kwa dawa ya meno, akisugua taratibu siku nzima huku akingoja gundi ya viatu ikauke kwingine.

Mtu wa kulivaa alikuwa mumewe. Rispah alimwona akipita uani na madumu ya maji, akasema, "Huyu ndiye." Swabir alikuwa mrefu kama ilivyotakiwa. Tangu ujanani alikata miwa Ramisi, na miwa ilikuwa imempa mabega mapana, mazito, yenye bonde katikati. Katika bonde la kulia ndimo alimolala binti yao. Kila jioni baada ya magharibi Subira alipanda begani kwa baba yake, akatia pua shingoni, akalala, na ndipo alipohamishiwa kitandani. Mahali pengine hakulala. Walishajaribu mto, walishajaribu mgongo wa mama yake, walishajaribu hata kumwacha alie mpaka achoke. Waliochoka ni wao.

Siku ya kupima, kifua kiliingia, miguu ikaingia, helmeti ikakaa. Mabegani ganda likagoma. Mwanapili akazunguka nyuma ya mumewe, akaangalia, akasema ataongeza kipande kila upande, hakitaonekana sana.

"Hapana," akasema Rispah. Alikuwa ameshika picha. "Hapa hakuna kipande. Angalia. Ukiongeza, inakuwa mtu mwingine."

"Sasa nifanyeje, dada yangu? Mwili umekataa."

"Si wewe ni fundi? Kostumu haiguswi. Punguza yeye."

Mwanapili alifikiri. Alikuwa ameshapunguza sare za wapishi, madera, kanzu za marehemu zilizorithiwa na wadogo zao, na mara moja hema la harusi. Alimwambia mumewe akae kigodani avue shati. Akatwaa chaki, akachora mstari kutoka shingoni hadi kwenye kifundo cha bega, akarudi nyuma kidogo kuona kama umenyooka, kisha akashika mkasi wake mkubwa. Mkasi ulipita vizuri. Mwili ukikatwa kwa kufuata ulalo wa nyuzi zake hautoi damu. Ukikatwa kinyume ndipo unapochanika. Alipinda kingo kwa ndani akashona kwa mkono, mishono midogo midogo, kwa uzi wa kahawia.

"Unaumia?" akauliza.

"Unanitekenya tu."

"Basi tulia, nisije nikakushona upogo."

Rispah alikuwa akijibu ujumbe kwenye simu. Alipoinua macho ganda lilikuwa limeingia lote. Alilinganisha na picha, mbele, nyuma na ubavu, akasema sasa ndiyo yenyewe.

Jirani yao Twaiba, aliyekuwa akikaanga viazi karai ng'ambo ya ua, alikuja kuangalia na kijiko chake cha mafuta mkononi. Alimzunguka Swabir kama mtu anayechagua mbuzi.

"Mwenzangu wee! Wanaume wa wenzio wakitaka kupungua wanakwenda jimu. Wako kaenda cherehani!"

"Nimeshona kwa mkono," akasema Mwanapili.

"Haya, kwa mkono. Ila uangalie kwenye kuoga. Maji ya moto, shoga, atanywea huyo, uje unipe nimvalishe mwanangu."

Swabir alicheka. Twaiba naye akacheka, akarudi kwenye viazi vyake kabla havijaungua.

Fundi wa pwani anayejiheshimu hali kipande cha mtu. Kinachobaki ni cha mwenye kitambaa, hata kiwe ukanda wa kufungia kidonda. Bibi yake Mwanapili, aliyemfundisha kushona, alikuwa akirudisha hata nyuzi. Kwa hiyo Mwanapili aliyakunja mabega ya mumewe, yakiwa bado na joto, akayafunga kwenye leso kuukuu pamoja na karafuu chache za kuzuia wadudu. Kisha, kwa mazoea ya mkono, akafanya kama anavyofanya kila kazi ikiisha: akalitia lile furushi ndani ya mfuko wa nguo iliyomalizika, chini kabisa, akafunga zipu, akamkabidhi mteja. Rispah aliupakia mfuko kwenye gari la hoteli. Mwanapili aliosha mikono, akaweka wali jikoni. Alilikumbuka furushi wali ulipokuwa unakauka.

"Si kitu," Swabir akamwambia. "Yatakuwa hukohuko na ganda. Msimu ukiisha tutayachukua."

Msimu ulikuwa mzuri. Swabir alisimama karibu na bwawa la kuogelea, asiseme kitu, na watoto wa wageni wakapigwa picha naye. Walimlinganisha na tableti zao na hawakupata kosa. Mara moja tu hoteli ilimrudisha kwa Mwanapili, mtoto mmoja alipogundua kwamba shavu la mguu wa kushoto limezidi, na Mwanapili akalipunguza palepale mlangoni, dereva akisubiri bila kuzima gari. Kipande alikifunga kwenye karatasi ampe mumewe, lakini dereva alisema maagizo ni kwamba vitu vyote vya kostumu vikae pamoja, akakipokea dirishani.

Nyumbani mambo yalikwenda kama yanavyokwenda. Madumu ya maji akawa anabeba Mwanapili. Ijumaa, watu waliposimama bega kwa bega katika safu, palibaki pengo kila upande wa Swabir. Imamu akasema jongeeni, jazeni nafasi, na watu wakajongea mpaka pengo likazibika. Subira ndiye aliyelalamika. Alipanda kama kawaida, akatia pua shingoni, na kabla usingizi haujamshika akateleza mpaka kwenye kiwiko. Akapanda tena, akateleza tena.

"Baba, umekuwa mteremko," akasema.

"Lala hivyohivyo mama."

"Siwezi. Naanguka."

Akawa halali. Alikaa macho kwenye mkeka, akimtazama baba yake akila, akimtazama mama yake akikunja nguo za watu, mpaka akaanza kusinzia darasani na mwalimu akatuma salamu. Mwanapili alimshonea bega la pamba, akalitia pamba mpya ya msufi. Subira aliliwekea kichwa, akalirudisha kwa adabu.

Mvua za masika zilipoanza wageni waliondoka na hoteli ikafunga burudani. Swabir aliambiwa ataitwa. Akapanda gari la Ramisi kutafuta miwa ya kukata. Nyapara alimjua tangu zamani, wakasalimiana vizuri, wakaulizana habari za wazee. Kisha nyapara akamtazama.

"Yahe, mabega uliyaacha wapi?"

"Yako Diani."

"Nenda kayachukue kwanza. Hapa nitakupa panga uning'inie nalo tu kama hirizi?"

Watu wakacheka, Swabir pia. Alirudi nyumbani na matope mpaka magotini.

Ndipo Mwanapili alipovaa buibui lake akaenda Diani. Alingoja langoni, kisha akangoja karibu na jikoni, kisha Rispah akaja na vikombe viwili vya chai ya maziwa akampa kimoja, maana hakuwa mtu mbaya.

"Nimefuata lile furushi la leso," akasema Mwanapili. "Lilikuwa chini ya mfuko wa ganda. Na kile kipande cha mguu."

"Zile mabega? Ziko, tumeziweka kwa stoo, ndani ya friji ya maua. Ziko sawa kabisa."

"Alhamdulillahi. Basi nayahitaji. Baba Subira anataka kurudi Ramisi."

Rispah alikoroga chai yake ingawa haikuwa na sukari. "Mama Subira, mimi nilikuuliza siku hiyo hii ni nini, ukaniambia nini? Kwa simu, nilipokupigia?"

Mwanapili alikumbuka. Alikuwa amepigiwa akiwa bado anapakua wali. Alikuwa amesema ni vilivyobaki, ni vya mteja, ndiyo desturi yetu.

"Nilisema ni vya mwenye kitambaa," akasema.

"Ulisema mteja. Na mteja ni hoteli. Mimi nikaambia watu wa juu hivyo, wakazihesabu na mali ya hoteli. Sasa mimi nitaenda kuwaambia nini? Ati desturi imebadilika?"

Mwanapili alinywa chai yake yote, kwa kuwa aliyempa aliitoa kwa moyo. Njiani kurudi aliipitia desturi tangu mwanzo, kama mtu anayetafuta sindano mkekani. Bibi yake hakuwahi kusema mwenye kitambaa ni nani pale kitambaa chenyewe kinapokuwa kimekaa kigodani mbele yako, kinapumua.

Wageni waliporudi, Rispah alikuja Mwabungo na gari. Alileta ganda, na alileta kijana aitwaye Fondo, kutoka Samburu, mrefu, mpole, mwembamba kama fito. Hoteli ilikuwa imemtaka mtu mpya kwa sababu wageni wa mwaka uliopita walisema askari ameanza kuonekana amechoka.

"Shikamoo mama. Shikamoo baba," Fondo akasema.

"Marahaba mwanangu," wakaitikia wote wawili.

Fondo alivaa ganda likamcheza. Alipotembea liligongana kama sufuria. Rispah alitazama picha, akatikisa kichwa, akafungua zipu ya mfuko, akatoa furushi la leso. Karafuu zilinukia baraza nzima.

"Si tuko na hizi? Jaza tu hapa na hapa."

Mwanapili aliyashika mabega ya mumewe kwa viganja viwili. Yalikuwa ya baridi, lakini hayakuwa yameharibika. Alimtazama Swabir, aliyekuwa kwenye ngazi akimenya mihogo ya Twaiba kwa malipo ya mihogo.

"Shona," Swabir akasema.

"Swabir."

"Wewe shona, mke wangu. Mtu kaja kutoka Samburu. Kwani yakirudi kwenye friji yatanifaa nini?"

Akashona. Fondo alikaa kigodani, amefumba macho, akivuta pumzi kila sindano ilipoingia. Ulipokatwa uzi wa mwisho alijaribu kuinua mikono, akaishusha.

"Yamekaa vizuri mama," akasema. "Yana joto. Yana uzito fulani hivi, kama mtu kakuwekea mkono."

Ganda halikucheza tena. Rispah alilinganisha mbele, nyuma na ubavu, akasema ndiyo yenyewe, akaenda garini kupiga simu.

Wakati huo Subira alirudi kutoka madrasa, juzuu kifuani. Alimwamkia Rispah garini, akamwamkia Fondo, kisha akasimama mbele yake akimwangalia. Fondo alikuwa ameshavua ganda. Subira aliweka juzuu yake juu ya cherehani, akapanda, akatia pua kwenye shingo asiyoijua, akalala kabla mtu hajasema kitu. Alikuwa na usingizi wa muda mrefu. Fondo alibaki na mikono hewani, akimtazama Swabir.

"Mshike chini hapo," Swabir akamwambia. "Hivyo. Usimtikise."

Tangu siku hiyo, Fondo hupita Mwabungo kila jioni kabla ya kwenda kazini. Swabir humtolea kigoda, Mwanapili humwekea chai, na Twaiba humpa kiazi kimoja cha bure na kumuuliza lini atamwazima na yeye hayo mabega akabebee gunia. Mtoto akishalala, Swabir humpokea kwa mikono miwili akamwingiza ndani.

Jana Fondo alichelewa kuinuka. Alimwangalia Mwanapili, akashusha sauti ili asimwamshe mtoto, akasema hotelini wameangalia tena picha, wamesema masikio yake yanagusa helmeti, na gari limesimama hapo nje.

Mwanapili alimwambia angoje kwanza Subira azame usingizini. Kisha akainuka kutafuta chaki.