Pamba ya Shemeji Valentine

Valentine alikuwa na mdomo wa asali, na Generosa alijua siku nyingi kwamba asali ya aina hiyo ndiyo inayoozesha meno. Lakini shemeji ni shemeji. Alikuwa mume wa marehemu dada yake, na ndiye aliyempokea uwanja wa ndege wa Heathrow, London, na kumpa chumba wakati hana mbele wala nyuma. Kwa hiyo aliposema, "Shemeji, Jumapili baada ya misa nitaleta wageni wawili kwako Thornton Heath, tupikie ndizi," Generosa hakuuliza, akamenya ndizi.

Mgeni wa kwanza alifika mapema pamoja na Valentine. Alitambulishwa kama Dokta, mtaalamu wa kilimo. Kilimo gani, na kucha zimepakwa rangi ya kung'aa! Wakaketi jikoni, wakawa wanadokoa nyama na kuongea mbele ya Generosa kana kwamba mpishi hana masikio. Ndipo alipojua. Injini walizotaka kununua kwa mgeni wa pili zilikuwa zinakwenda kwa serikali ya huyo Dokta, ambayo dunia imepiga marufuku isiuziwe silaha. Zingefungwa kwenye ndege zisizo na rubani, na ndege hizo zingebeba mabomu.

"Ya mwezi uliopita ilitua katikati ya soko," Dokta alisema huku akitafuna. "Walishindwa kutenganisha nyanya na watu." Akacheka mpaka kipande cha nyama kikamtoka mdomoni. Akakiokota, akakirudisha.

Generosa ni muuguzi, ameosha vidonda vya kila namna bila kukunja uso, lakini kicheko kile kilimshinda. Akafungua dirisha apate hewa.

"Mbona mmekuja kufanyia mambo haya kwangu, shemeji?"

"Kwa sababu muuzaji, Method, anakuamini," Valentine alijibu bila haya hata chembe. "Ofisini angeniuliza maswali mia. Hapa, kwa mama wa ubatizo wa mwanawe, atauliza nini?"

Kumbe ndizi zake zilikuwa chambo! Method alikuwa mtu wa Bukoba kama yeye, mwenye duka la injini za ndege za kuchezea, na msomaji wa masomo kanisani. Generosa ndiye aliyemsimamia binti yake, Blandina, siku ya ubatizo. Leo wangemwekea mbele karatasi ya kuthibitisha kwamba injini zinakwenda kupuliza dawa kwenye mashamba ya pamba. Angeisaini, na siku mambo yakiharibika angefungwa yeye, Valentine akiwa ameshayeyuka. Generosa aliapa moyoni kwamba mtu huyu hataliwa mezani pake.

Method alifika na suti yake ya kanisani, akacheka na kila mtu, akala kwa raha zake. Valentine alimganda kama kupe. Kila Generosa alipofungua kinywa, alikatizwa: "Shemeji, maji." "Shemeji, pilipili iko wapi?" Sahani zikasukumwa pembeni, karatasi ikatolewa, na Valentine, kwa kujitia mcha Mungu, akasema, "Kabla hatujasaini, shemeji atufungie kwa sala."

Hapo alijichongea. Kwao kikao hakifungwi bila sala, na sala haikatizwi, hata nyumba ikiungua. Wote wakainamisha vichwa.

"Baba Mungu," Generosa alianza, "wewe unajua kwamba injini hizi haziendi kwenye pamba." Valentine akakohoa. Generosa akapaza sauti. "Unajua zinakwenda kuua watu sokoni. Umemsikia huyu anayejiita Dokta akiwacheka marehemu jikoni kwangu, mdomo umejaa nyama. Mfumbue macho mtumishi wako Method, asidanganyike. Usiruhusu mkono unaoshika kitabu chako kila Jumapili utie saini damu ya watu. Tunaomba hayo kwa Kristo Bwana wetu."

"Amina," alisema Method, kwa sauti kubwa kuliko wote.

Akainua kichwa, akatoa kalamu mfukoni, akasaini.

Generosa alidhani macho yanamdanganya. "Method! Umenisikia kweli?"

"Nimekusikia, dada, na umesali vizuri sana." Method alipuliza wino ukauke. "Lakini karatasi inasema pamba. Mimi nimesaini pamba. Wakifanya mengine huko, hiyo ni dhambi yao." Akavuta bakuli. "Hebu niongezee ndizi kidogo. Umezipatia leo."

Dokta alicheka kile kicheko chake. Valentine naye akacheka, jasho likimkauka usoni.

Generosa aliwatazama mmoja mmoja, akaona kinyaa ambacho hakuwahi kukiona hata wodini. Shetani mwenye mapembe afadhali, ukimwona unamfungia mlango! Akamnyang'anya Method bakuli mikononi, akamwaga ndizi kwenye pipa la taka mbele ya macho yao, na sahani zao akazimwaga vilevile. Mwanamke wa Bukoba kumpokonya mgeni chakula! Method aliduwaa kijiko kikiwa hewani.

Kisha Generosa akachukua simu, akapiga polisi. Akataja jina lake, anwani yake, majina ya watatu wote, la Method likiwa la kwanza, na kitu kilichosainiwa mezani.

"Shemeji, umerukwa na akili?" Valentine alisimama. "Baada ya yote niliyokufanyia?"

Generosa alivuta kiti, akakaa mlangoni.

"Kaeni tu, jamani," akasema. "Kuna wageni wengine wanakuja."