Nafuna Alikimbilia Kura ya Jirani

Umeona picha ya Nafuna kwenye nguzo za stima, kutoka Gatwekera mpaka Kawangware hapa Nairobi, na umegeuza uso. Usiniambie hukuona. Ulipunguza mwendo, ukasoma jina, ukakumbuka hata mboga zake, kisha ukajifanya unaita boda. Sasa soma, maana nguzo haisemi yote.

Mwaka wa 2017 huyu mama alikuwa akiishi Kawangware. Tuliporudia kura Oktoba ile, majirani walianza kuulizana majina ya ukoo, na nyumba yake ikachomwa. Akahamia Gatwekera kwa kaka yake Wepukhulu, fundi wa masanduku ya bati, ingawa mboga aliendelea kuuza soko la Kawangware. Tangu hapo akaishika desturi ya nyumba zetu: kura ikikaribia, wanawake na watoto wanaondoka, mwanamume anabaki kulinda mlango. Wengine hupeleka watu wao Siaya, wengine Kakamega. Nafuna alivuka mpaka. Senge yake, dada ya baba, aliolewa Mbale, Uganda. Wabukusu na Wamasaba hawaulizani wewe ni wa nchi gani. Wanaulizana babu yako alitahiriwa msimu gani.

Agosti ya 2022 alikaa huko mpaka mahakama ikamaliza maneno, akarudi amenenepa. Mbale ilikuwa kimya kama kanisa siku ya Jumatatu. Tukasema Uganda ndiko kwa kukimbilia. Hakuna aliyejiuliza kwa nini. Wao walikuwa wamepiga kura Januari ya mwaka uliotangulia. Machozi yao yalishakauka wakati yetu yanaanza. Sisi tunakumbuka zetu tu: tisini na mbili, tisini na saba, elfu mbili na saba. Za jirani ni habari za redio ya mtu mwingine.

Desemba iliyopita mheshimiwa mmoja alileta mkutano Kawangware, kura ya 2027 ikiwa bado mbali, na vijana wake wa kukodi wakapita sokoni. Mmoja alipiga teke sukuma wiki za Nafuna.

"Mathe, hapa tusikuone tena. Unakumbuka 2017? Ile ilikuwa majaribio."

Nafuna alifika Gatwekera hata bila gunia lake. "Hii moshi naijua," akamwambia Wepukhulu. "Siwezi ngoja Agosti ya 2027. Naenda kwa senge sasa."

Trizah alikuwepo. Anauza omena, wale dagaa wa ziwani, mtaa wa jirani wa Kisumu Ndogo, na omena yake hutoka Mwanza.

"Nafu, tulia kwanza. Tanzania walipiga kura Oktoba, mtu wangu wa Mwanza akapotea kwa simu, mzigo ukalala mpakani. Uganda nao ni Januari. Unaruka majivu, dada yangu."

Wepukhulu akacheka. "We Trizah, unauza omena ama unauza uoga? Kura ya Uganda inatuhusu nini?"

"Si nilienda 2022?" Nafuna akasema. "Kule watu wanalala mlango wazi."

"2022 haikuwa zamu yao."

"Basi wakikosana nitawapikia busaa, wanywe wapatane."

Tukacheka, na yeye akacheka zaidi yetu. Krismasi ilipopita akaondoka.

Kura yao ilipokaribia, intaneti ikakatwa. Ujumbe wa Wepukhulu ukabaki na alama moja ya kijivu. "Ni network," alikuwa akijibu kila aliyemuuliza, mpaka watu wakaacha kumuuliza.

Intaneti iliporudi, ilileta sauti ya senge, analia. Nafuna alikuwa sokoni akimsaidia kuuza maparachichi. Gari lisilo na namba likasimama. Wanaume walioshuka walisikia Kiswahili chake cha Nairobi, wakadai kitambulisho, wakakuta cha Kenya.

"Nani amekutuma uje uharibu kura yetu?"

"Hakuna aliyenituma," Nafuna akasema. "Nimekimbia yetu."

Wakacheka, senge anasema. Wakacheka huku wanamwinua kwa mikono miwili kama gunia na kumtia garini.

Wepukhulu alienda ofisi moja ya serikali huku mjini. Akaambiwa subiri Uganda wahesabu. Wakahesabu. Akaambiwa subiri waapishe. Mei wakaapisha. Akarudi, na bwana wa nyuma ya dirisha akamwambia, kwa upole kabisa, "Mzee, sasa hata sisi tunajiandaa. Mwaka ujao ni wetu. Kila mtu ana kazi."

Umesikia hiyo? Oktoba ilikuwa ya Tanzania, Januari ya Uganda, na Agosti ya mwaka ujao ni yetu. Nchi zinapokezana kura kama wanawake wanavyopokezana mtungi kisimani, na aliyenaswa katikati hana mwezi wake wa kuulizwa. Tukingoja msimu wa utulivu, Nafuna atazeekea huko, kama bado anapumua.

Wepukhulu siku hizi hagongi bati. Anakaa juu ya sanduku ambalo hajalimaliza, na ukimsalimu anaitikia "poa" kabla hujamaliza salamu.

Kwa hiyo Jumatatu asubuhi tunatoka Kisumu Ndogo kwa miguu, tunapitia Kawangware kuwachukua wenzetu, na tunakwenda kukaa mlangoni pa ofisi ile hadi mtu mwenye cheo aulize Mbale kwa sauti: Nafuna yuko wapi? Trizah anafunga meza yake. Na wewe mwenye ndugu ng'ambo ya mpaka, usingoje hata hiyo Jumatatu. Mpigie sasa hivi, atoke aende kila selo ya Mbale, ataje jina la Nafuna. Kisha njoo.